Upinde Hauna Kosa

Rugerero, Gisenyi
18 Februari 2024

Kaka Bahizi,

Barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na ng'ombe, ingawa kwa mpangilio wako ningeanza na ng'ombe. Sisi tupo. Ingabire anakusalimu. Kibanda chake cha vitenge pale Mahoko ndicho kinachotulisha, lakini wageni wakija huniachia niseme ni mshahara wangu wa ofisi ya sekta, kata kama mnavyoiita huko. Ndoa ni kustahiana, kaka. Mimi nimezidi kunenepa. Juzi dereva wa pikipiki alinitazama, akalitazama gurudumu lake la nyuma, akaniuliza kwa adabu kama siwezi kungoja basi.

Sasa lile lililonikalisha mezani. Unajua kwamba binti yangu Gatesi anapiga upinde. Ametimiza miaka kumi na minane, na upinde anaotumia ni ule ule wa Baba, niliorudi nao kutoka ukimbizini Karagwe mwaka wa tisini na saba ukiwa umeviringishwa ndani ya mkeka. Agosti iliyopita, kwenye Umuganura, sikukuu yetu ya mavuno, alishindana kumasha, kulenga shabaha kwa mishale, uwanjani Mahoko mbele ya watu wa sekta zote za jirani. Kila mpigaji alipewa mishale sita. Mitano yake ilipita kushoto mwa gogo la mgomba, kama vile upande wa kulia amefungwa mbwa.

Upinde niliutengeneza mwenyewe kabla ya siku ile. Nilibadilisha kamba, nikafunga ngozi mpya mahali pa kushika, nikachonga mishale mipya. Nimeukagua kila mahali, siuoni ugonjwa wake. Mwaka huu wamemwekea nafasi tena, na mwaka huu nataka asiaibike. Anafanya mazoezi kila jioni nyuma ya nyumba. Anakusalimu sana.

Wewe ndiye uliyekaa na Baba kwenye vumbi la kuchongea; mimi nilikuwa wa kufagia. Niambie upinde unaumwa nini. Ningekutumia picha, lakini simu yako ni ile ya tochi, nawe unaipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Barua anayo Illuminée, yule mama anayevuka mpaka pale Rusumo kufuata mchele. Nijibu kupitia kwake.

Mdogo wako,
Karenzi


Rulenge, Ngara
24 Machi 2024

Karenzi,

Tumeipata. Shemeji yako mzima. Ng'ombe wazima isipokuwa mmoja, kwato. Mvua ya kutosha.

Upinde huo naujua. Huwezi kuutibu kwa maneno, na wewe hasa, maana maneno yako mengi. Fanya hivi. Tengeneza fremu ya mbao kama dirisha lisilo na kioo. Bandika karatasi juu yake. Katikati ya karatasi pawe kimo cha bega la Gatesi, si juu zaidi. Nyuma weka gogo. Asimame hatua tano, apige mshale uliong'olewa manyoya. Manyoya ni kama rafiki mwema, huunyoosha mshale njiani na kuficha makosa ya mtu. Mshale ulio uchi hausemi uongo. Tundu likitoka la duara, basi upinde, mshale na mkono vimepatana. Karatasi ikichanika kwenda upande, ujue mkia wa mshale ulirushwa teke wakati wa kutoka.

Usinielezee tundu. Nitumie tundu lenyewe. Nitalipapasa kwa kidole, ndivyo Baba alivyofanya kwa majani ya mgomba.

Jambo moja. Umesema mishale sita, mitano ikaenda kushoto. Wa sita ulikwenda wapi?

Bahizi


Rugerero
14 Aprili 2024

Kaka Bahizi,

Tumemaliza wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari na mji umekaa kimya. Hata mimi nimekaa kimya, uliza Ingabire. Pole kwa kwato. Jirani yangu hapa, aliyekulia Goma, anasema dawa ya kwato ni mkojo wa ng'ombe mwenyewe. Sikukushauri, nimekupa habari tu.

Fremu nimeitengeneza. Nilijipiga nyundo mara mbili, kidole gumba kile kile, kwa hiyo mwandiko huu usiucheke. Ndani utakuta karatasi tano. Ni fomu za zamani za ofisi, zile za mipaka ya mashamba, upande wa nyuma mtupu. Gatesi amepiga mishale mitano isiyo na manyoya kama ulivyoagiza, hatua tano, fremu kimo cha bega lake. Alifurahi sana kusikia kwamba baba yake mkubwa atasoma matundu yake.

Illuminée alipozipokea alizinyanyua kwenye mwanga, akanipigia kelele mbele ya watu wote wa kituo cha basi: "Bon, papa Gatesi, hii barua iko na matundu! Panya ya kwenu inakulaka mpaka karatasi?" Nikamwambia ni barua ya siri. Akasema, "Siri gani? Mi naona mpaka ngambo ingine!"

Nisomee upesi. Agosti si mbali.

Karenzi


Rulenge
19 Mei 2024

Karenzi,

Illuminée alichelewa Kahama akingoja bei ya mchele ishuke. Haikushuka. Yule ng'ombe anatembea, na si kwa dawa ya jirani yako.

Matundu nimeyapapasa yote matano, mchana, nje, mikono ikiwa imeoshwa. Ni ya duara. Kingo safi. Upinde uliotoboa haya hauna ugonjwa hata wa mafua. Mpigaji anayetoboa hivi hawezi kukosa gogo la mgomba mara tano.

Tena yote yako juu kabisa ya karatasi, vidole viwili kutoka ukingoni. Mwaka juzi Gatesi alikuja kunisalimu. Alinifika kifuani, kimo cha mama yake. Kama katikati ya karatasi ni bega lake, basi aliyepiga ana bega refu kuliko la Gatesi kwa karibu shibiri nzima. Katika nyumba yako najua mtu mmoja mwenye bega hilo.

Matundu haya ni yako.

Ulitaka nikusaidie au ulitaka nikusifu? Na bado hujaniambia habari ya mshale wa sita.

Bahizi


Rugerero
9 Juni 2024

Kaka,

Leo sina mzaha. Naam, mmoja: ofisini wamenipa kiti kipya kwa sababu kile cha zamani kilivunjika, na kimevunjika nikiwa juu yake. Basi, umekwisha.

Gatesi hajaushika upinde tangu Agosti iliyopita. Hiyo habari ya mazoezi kila jioni ni mimi. Ni mimi niliyekuwa nyuma ya nyumba. Nilifikiri nikiupata ugonjwa wa upinde nikautibu, nitampelekea mkononi, na mengine yatajitibu. Hakukutumia salamu yoyote. Salamu niliitunga. Nyumbani ananijibu kwa maneno mawili: "Ndiyo, baba," na "Hapana, baba." Kwa mama yake anacheka hadi jikoni kunasikika, mimi nikiingia anakumbuka kwamba ana kazi ya shule.

Mshale wa sita niliupiga mimi.

Alipokosa wa tano, watu walianza kuguna. Mtu mmoja nyuma yangu akasema upinde wenyewe ni wa makumbusho, umepinda kama mzee wa Kanzenze. Nikaona Baba anatukanwa. Nikashuka uwanjani, nikamtoa Gatesi upinde mkononi. Sikumwomba. Nilivuta, nikaachia, na mshale ukaingia katikati ya gogo, ukabaki unatetemeka pale. Nikawageukia watu, nikasema kwa sauti, "Mnaona? Upinde hauna kosa." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi pia nilicheka. Nakuambia ukweli wote, kaka: nilifurahi. Nilikuwa na miaka ishirini sijapiga mbele ya watu. Nilipogeuka kumrudishia, Gatesi hakuwepo. Alikwenda hadi nyumbani kwa miguu, Mahoko mpaka Rugerero, na siku ile mvua ilinyesha.

Ingabire amenikataza kumshika bega mtoto na kumwambia "yamekwisha." Anasema, "Hayakwishi kwa sababu wewe umechoka nayo."

Kitu kimoja bado sikielewi. Kama upinde ni mzima na mimi naulenga, kwa nini yeye ulimtupa kushoto, mara tano zote? Mkono wake si mzembe. Najua. Nimemwona tangu ana miaka kumi.

Karenzi


Rulenge
7 Julai 2024

Mdogo wangu,

Sote wazima.

Nijibu kwanza hili la upinde, ni rahisi. Ulipochonga mishale, ulijaribu kwa mkono wa nani? Wako. Mkono wako mrefu unavuta upinde ule mpaka sikioni. Ile mishale ya zamani, myembamba, ikapinda mno chini ya nguvu zako, ikayumba. Wewe ukasema ni mibovu, ukachonga minene. Siyo? Sasa Gatesi anavuta mpaka kidevuni. Nguvu inayofika kwenye mshale ni ndogo. Mshale mnene haukubali kupinda kwa nguvu hiyo, hauzunguki vizuri ubavu wa upinde. Unaugonga na kutupwa nje. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, nje ni kushoto. Mara tano, mara mia, ni kushoto. Kadiri mkono wake ulivyotulia, ndivyo mishale ilivyokwenda kushoto mahali pale pale. Mzembe angetawanya.

Ulimpa mtoto upinde uliopimwa kwa mwili wako. Halafu ukauchukua mbele ya watu, ukapata, ukaita hiyo ushahidi.

Tiba: mrudishie mishale ile ya zamani kama hujaichoma. Kama umeichoma, chonga myembamba, urefu wa mkono wake na vidole vitatu zaidi, na chembe, ile ncha ya mbele, iwe nzito kidogo. Na ile kamba usiiache imekazwa ukutani mwaka mzima. Upinde unaolala na kamba huchoka.

Hili la pili si rahisi.

Mwaka 1981, harusi ya binti wa jirani kule Karagwe. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Baba alikuwa ameutengeneza upinde huo, akaniweka mbele ya watu nipige. Mshale wa kwanza kushoto. Wa pili kushoto. Wa tatu alinitoa upinde mkononi, akapiga mwenyewe, akapata. Akawaambia watu, "Upinde hauna kosa." Maneno hayo hayo. Hukuyatunga wewe, Karenzi. Uliyasikia. Ulikuwa na miaka tisa, umekaa juu ya boma la ng'ombe, na ulicheka mpaka ukaanguka. Sikulaumu, ulikuwa mtoto. Lakini nilikuona.

Nimechonga pinde miaka mingi tangu hapo, za watu. Sijapiga hata mshale mmoja.

Watu wananiuliza kwa nini sikurudi nanyi mwaka wa tisini na saba. Nimewaambia ni ng'ombe. Nimewaambia ni mke wangu na ndugu zake. Baba mwenyewe nilimwambia ni ng'ombe, naye akaamini, au alipenda kuamini. Mimi nilibaki mahali ambapo yeye hatakuwepo. Alipokufa huko kwenu nilikuja siku ya tatu, unakumbuka, nikasema basi liliharibika Kayonza. Basi halikuharibika.

Gatesi ana miaka kumi na minane.

Mwambie. Usimwambie habari za upinde, mwambie ulichofanya. Kama mdomo hauwezi bila kuingiza mzaha, na hauwezi, una kalamu.

Bahizi


Rugerero
11 Agosti 2024

Kaka Bahizi,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama kituoni, nikapitiwa na mabasi mawili. Illuminée aliniuliza, "We, papa, kuna mutu amekufa?" Nikasema hapana, ni zamani. Akaninunulia chai, hakuuliza tena, na kwa Illuminée huo ni muujiza.

Nilikuwa nalikumbuka lile boma la ng'ombe. Kaka, nimeisimulia hadithi ile kwa wanangu mara ishirini: siku babu yenu alipopiga mshale mmoja harusi nzima ikanyamaza. Katika hadithi yangu wewe haumo. Nimejaribu kukumbuka uso wako siku ile, siupati. Naupata wa Gatesi.

Mishale ya zamani sikuichoma, ilikuwa juu ya dari. Nilikata miwili kwa kipimo cha mkono wake. Kipimo nilikitoa kwenye sweta lake la shule, kama mwizi. Mmoja una manyoya, mmoja nimeuacha uchi. Nikalegeza kamba, nikaikaza upya. Nikaweka vyote kando ya fremu nyuma ya nyumba. Kisha nikachukua karatasi nyeupe, siyo fomu, nikaandika. Ilinichukua siku nne na karatasi kumi na moja. Kumi za kwanza zilikuwa na mzaha ndani. Nikaibandika kwenye fremu, kimo cha bega lake, nikaondoka.

Hiyo ilikuwa tarehe ishirini Julai. Siku tatu, karatasi nzima. Wiki, karatasi nzima. Mvua ikaja, Ingabire akaifunika kwa nailoni. Siku ya Umuganura tulikwenda Mahoko mimi na mama yake. Jina la Gatesi liliitwa mara tatu. Mara ya tatu nilitaka kusimama niseme ni mgonjwa. Ingabire akanivuta koti, akasema, "Keti. Mwache asiwepo." Niliketi. Yule mtu wa mwaka jana alikuwepo, akanipungia mkono, akauliza kama mwaka huu napiga mimi.

Jumapili iliyofuata tuliporudi kanisani tulikuta nailoni imekunjwa, imewekewa jiwe juu. Karatasi ina tundu. Upinde umerudishwa ukutani, kamba imelegezwa. Gatesi alikuwa ndani anamenya viazi. Nikasimama mlangoni. Akasema, "Karibu, baba." Hayo tu. Lakini ni neno la tatu, kaka, na mwaka mzima nilikuwa na mawili.

Basi hapo ndipo ninapokuhitaji, maana naogopa kusherehekea upumbavu. Tundu lenyewe utaliona. Karatasi ni kubwa, angeweza kuitoboa popote. Liko chini kabisa, kushoto. Bado kushoto! Nimefuata kila ulichosema, na mshale bado umemtupa kule kule. Au ndiyo jibu lake, kwamba hata kulenga hakutaka? Septemba anakwenda Huye, chuoni. Sijamuuliza kitu. Nakutumia karatasi yenyewe. Ipapase, unijulishe, hata kama ni baya.

Karenzi

*(Karatasi iliyoambatanishwa)*

Gatesi,
Upinde niliupima kwa mkono wangu, nikakupa wewe.
Mishale mitano ile niliikosa mimi kabla hujaipiga.
Wa sita ulikuwa wako, nikakunyang'anya mbele ya watu,
nikacheka. Uwanja mzima uliniamini. Walikosea.
Sikuombi urudi uwanjani. Nilitaka ujue kwamba najua.
                                        Baba yako, Karenzi


Rulenge
8 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Shemeji yako anakusalimu. Ndama amezaliwa, jike.

Karatasi ilifika salama. Illuminée aliikalia njia nzima juu ya gunia ili isikunjike.

Nimelipapasa tundu. Ni duara. Hakuna alama za manyoya, kwa hiyo kati ya mishale miwili alichagua ule ulio uchi. Kingo ni safi pande zote. Mshale uliotupwa kushoto huchana karatasi, mkia wake hupita kwa upande. Huu haukuchana. Ulikwenda moja kwa moja mahali ulipotumwa. Mishale ni sahihi, upinde ni sahihi, na mkono ule, Karenzi, ni mtulivu kuliko wako na wangu.

Sasa toa kichwa chako kwenye upinde, uitazame karatasi. Umeandika mistari mitano kutoka ukingo hadi ukingo. Jina lako umelitia chini, kulia. Mahali pasipo na neno ni pale tu: chini, kushoto. Padogo, kama kiganja. Asiyejua kilichoandikwa angepiga katikati, ndipo jicho huenda. Aliyekichukia angepiga kwenye jina lako, hatua tano, asingekosa. Huyu aliisoma. Halafu akatafuta mahali ambapo mshale ungepita bila kuharibu hata herufi moja.

Na mtu aliyeuchukia upinde haulegezi kamba.

Hajasema amekusamehe. Usiseme hivyo kwa watu, wala kwake. Amesema amesoma. Ngoja hapo. Akienda Huye, usimfungie upinde kwenye mizigo. Uache ukutani mahali anapoufikia yeye, si mahali unapofikia wewe.

Barua inayofuata aniandikie yeye, akitaka. Wewe umeandika vya kutosha.

Karatasi sikurudishii. Najua jina lililo juu yake si langu. Niachie.

Bahizi